Utosi, Dirisha la Ubongo

Mtoto mchanga anapohema kwa shida kwa sababu moyo wake umeelemewa, chanzo, japo kwa nadra, huweza kuwa kichwani. Katika kasoro ya vena ya Galen, ateri za ubongo humwaga damu venani moja kwa moja, bila kupitia kapilari ambazo hupunguza shinikizo; nayo hurejea moyoni kwa wingi mno.

Utosi ungali wazi, hivyo mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio hupenya hapo na kuonyesha vena iliyotanuka. Mwaka 2023, mjini Boston, Marekani, madaktari wakiongozwa na mawimbi hayo waliupunguza mkondo huo mtoto angali tumboni.

Ndiyo maana daktari asiyepata kasoro moyoni hana budi kuchunguza utosi pia.