Mji wa Mfano na Reli Yake: Kigoma Katika Skeli Ndogo (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ya makala haya ilieleza asili ya reli za mfano, yaani treni ndogo zinazoendeshwa kwa umeme juu ya njia ndogo za chuma. Sehemu hii inaangalia jinsi majumba ya makumbusho yanavyozitumia kuonyesha mji mzima, na kwa nini Kigoma, mji wa bandari ulio kando ya Ziwa Tanganyika, unastahili kuonyeshwa hivyo.

Katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago, Marekani, ipo tangu mwaka 2002 reli ya mfano iliyotandazwa juu ya mita za mraba 325 hivi, ambako treni zaidi ya 20 husafiri kati ya Chicago na Seattle, miji iliyotengana kwa zaidi ya kilomita 3,000 za reli. Huko Hamburg, Ujerumani, ndugu pacha Gerrit na Frederik Braun walifungua mwaka 2001 onyesho kubwa zaidi katika maghala ya zamani ya bandari, ambamo taa za ukumbi hufifia kila baada ya muda mfupi na madirisha ya nyumba ndogo yakawaka kana kwamba usiku umeingia. Katika maonyesho yote mawili skeli ni 1:87, maana yake kila sentimita moja ya mfano huwakilisha sentimita 87 za kitu halisi, na mtu mzima huwa na kimo cha sentimita mbili tu. Umeme hupita katika vyuma vya reli na kupokelewa na magurudumu, na ikiwa kila injini imewekewa kifaa kidogo chenye namba yake, hutii amri iliyotumwa kwake peke yake hata pale injini nyingine zinapotumia njia hiyo hiyo.

Skeli hiyo, hata hivyo, haiwezi kufuatwa katika urefu wa safari. Reli ya Kati, yenye kilomita 1,252 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ingehitaji njia ndogo ya kilomita 14, umbali unaozidi ule wa kutoka Mwandiga, nje ya mji, hadi stesheni ya Kigoma, na kwa hiyo mafundi hutunza vipimo vya mabehewa na majengo lakini hufupisha nchi iliyo katikati. Hapo ndipo kazi hii inapokuwa elimu, kwa kuwa anayefupisha hulazimika kujua ni kitu gani kikiondolewa mji hautambulikani tena.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana mifano ya treni na meli pamoja na injini halisi za mvuke, zikiwemo zile kubwa za Garratt. Lakini injini ikitazamwa peke yake humweleza mtazamaji habari za chuma, wala haimwelezi kwa nini ilifika mahali fulani.

Kigoma ungeweza kueleza hilo vizuri kuliko miji mingi. Ujiji ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, lakini pwani yake iko wazi kwa mawimbi, ilhali ghuba ya Kigoma imekingwa. Kwa hiyo reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifikishwa Kigoma Februari 1914, na mji mpya ukakua ukipanda mlima kutoka stesheni. Gatini palihitajika meli. Ile inayoitwa Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kuunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani wenyewe, waliokuwa wakitawala nchi, waliizamisha Julai 1916, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi, na Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Kwa skeli ya 1:87 meli hiyo ya mita 71 ingekuwa na sentimita 82, urefu wa kuonekana vyema na mtoto aliyesimama ukingoni mwa meza.

Mwaka unaofaa kuonyeshwa ni huo wa 1927, kwa sababu wakati huo Wabelgiji walikuwa na eneo lao bandarini kwa mapatano ya 1921, na shehena za Kongo zilivuka ziwa na kupakiwa kwenye mabehewa yaliyokuwa yakingoja hatua chache tu kutoka majini. Reli yenye upana wa mita moja ingekuwa na milimita 12 hivi, na kando yake zingewekwa chembe za rangi ya fedha kuonyesha dagaa walioanikwa mchangani, pamoja na madebe ya mawese yasiyozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Onyesho hilo lingefaa kuwekwa Ujiji, katika makumbusho ya Livingstone yanayopokea wageni tayari, ili mji uliopoteza nafasi yake uwe ndio unaosimulia kisa hicho. Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kupima jengo la stesheni na kukusanya kumbukumbu za watumishi wastaafu wa reli kabla fundi hajakata ubao wa kwanza.