Sharti la Kanzu Nyeupe

Mpiga picha aliyealikwa kwenye arusi ya pwani, iliyoanza kwa nikaha ya alasiri msikitini na kumalizikia ukumbini usiku wa manane, hurejea dukani kwake na mamia ya picha, na kila moja katika hizo ina haki yake: itazamwe, isimamishwe ikiwa imelala ubavu, iongezwe nuru ikiwa imefifia, ipunguzwe ukubwa ipate kupita katika simu za jamaa walioko Muscat na London, na itiwe jina la studio pembeni. Hakuna katika kazi hizo hata moja iliyo ngumu kwa fundi; taabu yake ni wingi wake, na taabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba picha hazifanani, kwa kuwa dawa inayoifaa picha ya mchana huiua picha ya usiku. Lau zingefanana, ingetosha kuifundisha mashine mara moja na kuiacha irudie.

Njia hiyo ya kufundisha mara moja ina umri wake. Tangu mwaka 1996 programu ya Photoshop imekuwa na uwezo wa kunasa mfululizo wa vitendo vya fundi na kuurudia juu ya picha nyingine, lakini urudiaji huo ulikuwa wa kipofu, haukubagua iliyohitaji tiba na iliyokuwa na afya. Mwaka 2012 watengenezaji wake wakaongeza vitendo vyenye masharti, wakampa fundi orodha ya maswali yaliyokwisha tungwa: je, picha ni ya kulala au ya kusimama, ina matabaka au haina, iko katika mfumo gani wa rangi. Hayo ni maswali ya umbo, wala hapana hata moja linalouliza kilichomo ndani ya picha, na kwa mpiga picha wa arusi kilichomo ndani ndicho chenye kazi. Anayetaka kuuliza swali lake mwenyewe hana budi aliandike, na lugha ambayo wengi huliandikia leo ni Python.

Lugha hiyo aliianza Guido van Rossum mjini Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989, akaitoa hadharani mwaka 1991, akaipa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza wala si la chatu, ijapokuwa nembo yake siku hizi ina nyoka wawili na watu huamini wanachokiona. Programu ya picha iliyofungamana nayo kwa muda mrefu ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, nayo hupatikana bure, jambo ambalo si dogo kwa studio ya chumba kimoja. Ndani ya GIMP kazi ambazo mkono huzifanya kwa kubofya huku na huku zimeorodheshwa katika daftari moja kubwa la taratibu, na skripti ya Python huweza kuziita kwa majina yake, moja baada ya moja, bila ya dirisha lolote kufunguka, juu ya folda nzima, hali mwenyewe amekwenda kusali au kula.

Sharti huandikwa kwa maneno matatu ya lugha hiyo, if, elif na else, na kazi iliyo chini ya sharti husogezwa ndani, kwa desturi nafasi nne. Kusogea huko si pambo, maana ndiko kunakoiarifu kompyuta kwamba mstari huu unatawaliwa na sharti lile. Mstari mmoja ukirudi ukingoni kwa bahati mbaya, tiba iliyokusudiwa picha zilizofifia peke yake itazishukia picha zote, zima na gonjwa.

Chukua kwanza sharti lililo sahali. Kamera ikishikwa wima, aghalabu haizigeuzi pikseli zenyewe. Huziacha zimelala na kuandika ndani ya faili, katika maelezo yaitwayo Exif, namba moja kati ya 1 na 8 ya kueleza jinsi picha itakavyotazamwa. Namba 1 maana yake iko sawa, 3 iko kichwa chini, 6 igeuzwe robo duara kwa mwendo wa saa, na 8 igeuzwe robo duara kinyume chake. Skripti huisoma namba na kuigeuza picha kwa mujibu wake, kazi ya mistari michache. Lakini upo mtego: baada ya kuzigeuza pikseli ni lazima namba yenyewe irudishwe kuwa 1, la sivyo simu itakayoipokea picha itakuta 6 ingali imeandikwa, itaigeuza mara ya pili, na bibi arusi aliyekwisha kusimamishwa atalazwa upya.

Hadi hapo mashine na fundi hawana ugomvi, kwa kuwa jibu limeandikwa tayari ndani ya faili. Ugomvi huanza kwenye nuru. Kwa kompyuta picha ni jedwali la namba, kila pikseli ina kadiri tatu za nyekundu, kijani na buluu, na kila kadiri ni kuanzia 0 hadi 255. Kupata mwangaza wa pikseli moja, hesabu iliyozoeleka huzidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na buluu kwa 0.114, kisha hujumlisha, kwa sababu jicho la binadamu huuhisi mwanga wa kijani zaidi sana kuliko wa buluu. Jumla ya pikseli zote ikigawanywa kwa idadi yake, wastani wa picha umepatikana. Na mwanafunzi wa skripti, akiwa na furaha ya kupata namba moja inayoonekana kusema yote, huandika hivi: wastani ukiwa chini ya 70, ongeza nuru. Ukiwa juu ya 180, punguza. Sharti hilo ni fupi, husomeka vizuri, na ni la hatari.

Itazame picha ya nikaha. Wanaume wameketi safu kwa safu, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, na nyuma yao kuta zilizopakwa chokaa. Wastani wake ni 190, si kwa kuwa picha ilipigwa vibaya, bali kwa kuwa kilichokuwa mbele ya kamera kilikuwa cheupe. Skripti, kama karani mpya wa forodha asiyethubutu kuinua macho juu ya waraka wake, huona 190 na kupunguza nuru. Kanzu hugeuka kijivu, na nyuso, ambazo tangu awali ndizo zilizokuwa na nuru ndogo kuliko vyote vilivyomo, huzama hata bwana arusi asitambulikane na mama yake mzazi. Kisha njoo kwenye picha ya maarusi waliosimama Forodhani usiku, bahari nyuma yao na taa za wauza mishikaki pembeni. Wastani wake ni 35, basi skripti huongeza nuru, na anga jeusi huwa ukungu wa rangi ya tope uliojaa chembechembe, na taa huvimba zikawa madoa. Picha zote mbili zilikuwa salama kabla ya kutengenezwa.

Dhana iliyozaa hitilafu hiyo haikuzaliwa na kompyuta. Kipima nuru cha kamera kwa miaka mingi kimejengwa juu ya imani kwamba mandhari yoyote, vitu vyake vikichanganywa, hutoa kijivu cha wastani, kile ambacho wapiga picha hukipimia kwa kadi inayorudisha takriban asilimia 18 ya nuru inayoiangukia. Mpiga picha mzoefu akiona safu ya kanzu huiongezea kamera nuru kuliko kipimo kinavyomwambia, kwa sababu anajua jambo ambalo wastani haulijui, kwamba weupe ule ni wa nguo. Skripti njema ni jitihada ya kuyatia maarifa hayo katika namba, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Sarufi ya Python mtu mwenye subira hujifunza bila ya mashaka makubwa, lakini kumtaka fundi aliyehukumu picha kwa jicho muda wote aseme ni kitu gani hasa jicho lake lilichokitazama, hilo ni gumu, na wengi hugundua kwamba hawajapata kujiuliza.

GIMP, ikiulizwa habari za histogramu, yaani mgawanyo wa pikseli kwa kadiri ya mwangaza wake, hujibu kwa namba sita: wastani, mtawanyiko, namba ya kati, jumla ya pikseli, pikseli zilizomo ndani ya mipaka uliyoitaja, na sehemu ya hizo katika jumla. Ya mwisho ndiyo yenye thamani kuu, kwa kuwa kwayo fundi huweza kuuliza ni sehemu gani ya picha imezama katika giza totoro, tuseme kati ya 0 na 10, na ni sehemu gani imeungua kwa weupe, juu ya 250. Picha ya usiku na picha iliyofifia huweza kuwa na wastani mmoja. Ila ile ya usiku ina giza totoro kwa wingi pamoja na taa kali, na hii iliyofifia aghalabu haina moja wala jingine, namba zake zote zimesongamana chini ya katikati kama kwamba mtu ametandaza pazia juu ya kila kitu. Kwa tofauti hiyo sharti huandikwa upya:

if weupe_ulioungua > 0.02:
    weka_kando(picha)
elif wastani < 70 and giza_totoro < 0.30:
    ongeza_nuru(picha)
else:
    acha(picha)

Majina ya Kiswahili hayaisumbui Python hata kidogo, maadamu mwandishi ameyaeleza mahali pengine katika skripti. Vipimo vya 0.02 na 0.30 si sheria. Kila studio hutafuta vyake kwa kukusanya picha ambazo jicho limekwisha kuzihukumu, kisha kusogeza namba hadi skripti ikubaliane na jicho kwa kiasi cha kuridhisha. Kisichosogezwa ovyo ni mpangilio, kwa maana Python hushuka kutoka juu, hulitekeleza sharti la kwanza lililotimia, na hayo yaliyobaki huyapita. Mtu aliyepigwa picha amesimama mbele ya dirisha la mchana ana chumba kilichofifia na dirisha lililoungua kwa pamoja. Sharti la nuru likitangulia, chumba kitaangazwa na dirisha litazidi kutapakaa mpaka limle sikio. Kuungua kumewekwa juu kwa sababu hakuna dawa: pikseli iliyofika 255 haifichi mkunjo wowote wa kanzu, kwa kuwa mkunjo huo haukuandikwa kabisa katika faili.

Wapo wanaosema, na wana haki, kwamba lililo bora ni kuacha kuipima picha nzima na kuipima nuru ya uso peke yake. Njia ya kuutafuta uso kwa haraka waliionyesha Paul Viola na Michael Jones mwaka 2001, na maktaba za Python zinayo. Lakini mwenye kuazima jicho la mwingine huazima na masharti yaliyomo ndani yake. Maabara za picha za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na kwa miongo mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipojaribu programu tatu za biashara zinazobainisha jinsia kwa uso, walikuta makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yakifikia asilimia 34.7, hali kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi asilimia 0.8. Basi atakayeandika sharti la uso azijaribu kwanza nyuso za wateja wake, kabla ya kuikabidhi folda nzima.

Zimebaki hadhari za kawaida. Skripti isiandike kamwe juu ya picha asili, kwa kuwa JPEG hupoteza kidogo kila inapofunguliwa na kuhifadhiwa upya. Iandike katika folda nyingine, na kabla ya kuandika iulize kama picha hiyo imo tayari, ili umeme ukikatika katikati ya kazi na skripti ikaanza tena, jina la studio lisitiwe mara mbili pembeni pamoja. Na aliyerithi skripti za zamani ajue kwamba GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, haiitambui Python 2. Skripti hizo zitaandikwa upya.

Ile folda ya zilizowekwa kando mwanzoni hujaa, na fundi asiye na subira huona haya nayo, akalegeza vipimo ili ipungue. Afadhali aiache ijae. Akizipitia zilizomo kwa jicho atakuta baadhi zinafanana, pengine ni za mabibi wenye mabuibui meusi waliopigwa kwa mmweko wa karibu, na kwa hizo ataweza kuongeza elif moja zaidi. Zitabaki chache zisizofanana na chochote, na hizo atazitengeneza kwa mkono.