Wakimbiaji na walezi wao (4): Mwalimu wa jiografia wa Iten

Wiki iliyopita tulimwacha Filbert Bayi mjini Christchurch, Februari 2, 1974, ametangulia tangu bastola ilipolia, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3:32.2 na kuweka rekodi mpya ya dunia huku John Walker wa New Zealand akimpumulia kisogoni. Leo nilikusudia kwenda Moscow. Alphonce Simbu amenivurugia ratiba, nami sina kinyongo.

Habari mnazo. Septemba 15, 2025, katika marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Waamuzi wakatazama picha: Simbu katangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tangu siku hiyo kila ninayekutana naye ananiuliza kina Simbu wengine wako wapi. Wapo, ndugu zangu. Wanachokosa ni mtu mzima wa kukaa nao.

Ili nieleweke, tuvuke mpaka hadi Iten, juu ya Bonde la Kerio. Wasomaji wa zamani wanaujua udhaifu wangu kwa mji huo, wanivumilie tena.

Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ayalandi, Colm O'Connell, alifika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea ukocha. Aliyekuwa akiwanoa wanafunzi ni Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, yule Mwingereza aliyepata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa ramani na mvua. Mwalimu huyo akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hatuliwezi: alikubali kujifunza kwa kuwatazama watoto wenyewe. Alitazama nani anakimbia amekunja mabega, nani anatupa mikono ovyo, nani amechoka lakini anaona haya kusema.

Matunda yake yameandikwa. Mwaka 1988, huko Seoul, Peter Rono, kijana wa miaka 21, alitwaa dhahabu ya mita 1,500. Miezi michache kabla ya hapo Ibrahim Hussein, naye zao la shule hiyohiyo, alishinda marathoni ya Boston. Na alimshinda nani? Juma Ikangaa wetu, kwa sekunde moja tu! Ikangaa alikuwa wa pili tena Boston mwaka 1989, akawa wa pili tena mwaka 1990. Katikati, Novemba 1989, akashinda New York kwa saa 2:08:01. Nikilinganisha watu hawa wawili, sioni kwamba Mkenya alikuwa na mapafu bora. Ninachokiona ni kwamba nyuma ya Hussein kulikuwa na shule iliyoendelea kuzaa wengine. Nyuma ya Ikangaa kulikuwa na Ikangaa.

Pale St. Patrick's mabingwa hupandiwa miti, kila mti na jina la mwenyewe. Mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi za likizo, na wasichana wakapata nafasi yao. Baadaye akaletwa kijana mrefu wa Kimaasai kutoka Kilgoris, mtoto wa Daniel Rudisha aliyepata medali ya fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne mjini Mexico mwaka 1968. Kijana alikuwa akijaribu mita 400 na mashindano ya michezo kumi. Mwalimu akamshauri ahamie mita 800. Mwaka 2006 David Rudisha akawa bingwa wa dunia wa vijana. Agosti 9, 2012, mjini London, akakimbia dakika 1:40.91, akiongoza mwanzo hadi mwisho kama Bayi wa Christchurch. Hakuna aliyewahi kwenda chini ya 1:41 kabla yake. Tangu kubadilishiwa mbio mpaka siku ile ilipita miaka, na kwa miaka yote hiyo mwalimu alikuwa yuleyule.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie. Mazoezi ya Bruda Colm yangewachosha watu wenye haraka: kikundi kidogo, mbio za polepole, kurekebisha mkao, kurudia, kurudia tena. Sisi tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, kisha tunamkunja mpaka anakatika. Mtoto akishinda leo, kesho tunamtafutia mbio za barabarani zenye zawadi ya fedha. Keshokutwa goti limekufa, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Kulea ni pamoja na kumzuia anayetaka kukimbia.

Tunao ushahidi nyumbani. Muda wa Bayi tunaujua mpaka desimali, lakini ni wangapi kati yetu wanalikumbuka jina la Erasto Zambi, kocha wake? Simbu mwenyewe alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017, na ilichukua miaka minane mingine kuifikia dhahabu. Hiyo si bahati ya wiki moja.

Basi tuwaulize wakubwa, na tujiulize wenyewe. UMITASHUMTA na UMISSETA hupita kwa siku chache, nderemo na jezi mpya, kisha mtoto anarudi kijijini na cheti mkononi. Nani anamfuata? Shule ngapi za mijini zimegeuza kiwanja kuwa fremu za maduka? Kipindi cha michezo kimekuwa cha tuisheni, na mwalimu anayebaki uwanjani saa kumi na moja jioni anaonekana hana kazi. Ninaloomba halihitaji uwanja wa mabilioni. Saa za mwalimu huyo zihesabiwe kuwa kazi. Asihamishwe shule kila anapoanza kuwafahamu vijana wake. Na mtoto wake akishinda Arusha au Tokyo, mwalimu naye aitwe jukwaani.

Wazazi nao wasijifiche nyuma ya serikali. Kwenda uwanjani Jumamosi kumtazama binti yako akishika nafasi ya saba hakuna gharama.

Juma lijalo, ahadi ni deni, tutakwenda Moscow 1980: medali ya fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, na jinsi Bayi alivyotangulia tena, safari hii katika mbio za kuruka viunzi na maji, mpaka Malinowski wa Poland alipomfikia.