Shanga Zenye Kiu

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, wajukuu zangu. Ina sufuria, manjano ya mchuzi na shanga za mbao. Sogeeni.

Siku moja mjukuu wangu mdogo aliniletea kitandiko cha shanga, kile ambacho madereva hukiweka kwenye kiti ili mgongo upate hewa. Nyuzi zimekatika, shanga zinadondoka moja moja. "Bibi," akasema, "nataka mkufu wa njano."

"Rangi imo jikoni," nikamjibu.

Tukachemsha vikombe viwili vya maji na vijiko vitatu vya manjano. Sufuria niliishika mimi. Nanyi mkifanya, mwacheni mtu mzima asimamie moto. Tukazitumbukiza shanga, tukangoja nusu saa, tukaziopoa. Lo! Rangi iliteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Shanga zilikuwa vilevile, hudhurungi tupu.

Mjukuu wangu akanuna. Mimi nikaikwangua moja kwa ukucha, nikaona utando unang'aa. Kumbe zilipakwa vanishi.

Sikilizeni. Ndani ya mbao mna vijia vyembamba mno. Mti ulipokuwa hai, vilipandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Mbao ikikauka, vijia hubaki vitupu, na mbao huwa na kiu. Ukiipa maji ya rangi, huyanywa. Vanishi ilikuwa imeviziba vinywa vyake vyote.

Tukaketi barazani na kipande cha msasa, tukazisugua shanga arobaini mpaka zikawa nyeupe na vidole vikatuuma. Kisha tukazipitisha kwenye uzi, tukaacha nafasi kati ya shanga na shanga, maana zikibanana, zinapogusana hubaki na doa jeupe. Tukazirudisha kwenye rangi iliyopoa, zikalala humo usiku kucha.

Asubuhi zilikuwa njano kama kiini cha yai. Mjukuu wangu akaiweka moja karibu na jicho. "Bibi, mbona pembeni mwa tundu pamekolea?" Macho ya mtoto! Pale ndipo vijia vilipokatwa, vinywa vikabaki wazi, basi hapo mbao hunywa zaidi.

Sasa nusu ya shanga tukaifanyia mchezo. Mmewahi kumwagia mchuzi kwenye shati jeupe? Ukilipaka sabuni, lile doa la njano hugeuka jekundu, nawe ukadhani umeliharibu shati. Ni tabia ya manjano: yakikutana na sabuni au magadi, hubadilika, yakionja limau, hurudi njano. Tukakoroga kijiko cha magadi ndani ya kikombe cha maji, tukazichovya shanga ishirini kwa kijiko. Hata hatujahesabu kumi, zilikuwa na wekundu wa matofali. Moja mjukuu wangu akaidondoshea limau, ikawa njano tena. Alicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Tukazianika kivulini siku nzima, kwa sababu manjano hupauka upesi juani. Tukazifuta kwa kitambaa kikavu mpaka kikatoka safi, zisije zikachafua nguo. Ndipo akaanza kutunga: mbili njano, mbili nyekundu, mbili njano. Alipokosea, alifumua na kuanza upya. Mnaona, kwa Kiswahili tunatunga shanga na tunatunga mashairi. Kote huko kila kipande kina mahali pake.

Nanyi jaribuni. Tafuteni mbao nyeupe isiyopakwa kitu, maana ya mpingo ni nyeusi, haitaonyesha rangi yoyote. Mkufu wenu msiuogee, sabuni itaugeuza. Na siku ukipauka, msiutupe. Fumueni uzi, bandikeni sufuria: mbao ikikauka, kiu yake hurudi.