Mgongo wa Picha

Mwalimu mstaafu kutoka upande wa Keroka aliniletea laptopu yake Jumatatu asubuhi, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Dada yake mkubwa alikuwa ameaga dunia, mazishi ni Ijumaa, na mchapishaji wa kijitabu cha mazishi mjini Kisii alikuwa akingoja picha.

"Mwanangu, picha zipo," aliniambia, "lakini watu wametoweka."

Zilikuwepo kweli, zaidi ya elfu kumi na moja. Mwezi mmoja kabla, kijana wa nyumbani alikuwa amezihamisha kutoka programu ya zamani hadi mpya, akahesabu, zikatimia. Ila majina ambayo mwalimu alikuwa akiyaandika kwenye nyuso kwa miaka minane hayakuonekana tena. Harusi, mahafali na Krismasi kadha wa kadha zilikuwa zimerundikwa kwenye tarehe moja: siku ya kuhama.

Wanaokumbuka picha za studio watanielewa nikisema kwamba picha hizo zilihama bila mgongo. Geuza picha ya zamani uliyorithi kwa nyanya na huenda ukakuta kalamu ya buluu nyuma yake: nani, wapi, mwaka gani. Picha ya simu nayo ina mgongo. Ndani ya faili yenyewe mna sehemu iitwayo EXIF, ambamo kamera huandika tarehe na saa ya kupiga, aina ya kamera na, ukiruhusu, mahali ulipokuwa. Sehemu nyingine, IPTC na XMP, ndimo binadamu anamoweza kuweka maelezo, majina na lebo.

Shida ni kwamba programu nyingi haziandiki mgongoni. Kila moja ina daftari lake pembeni, yaani hifadhidata. Picasa, ambayo Google iliacha kuihudumia mwaka 2016, iliweka majina ya nyuso kwenye hifadhidata yake na kwenye faili ndogo zilizofichwa za .picasa.ini. Ukipakua picha zako za Google Photos kwa njia ya Takeout, utapewa picha pamoja na faili za JSON. Tarehe ulizorekebisha na maelezo uliyoandika yamo humo. Beba picha peke yake na daftari litabaki nyuma. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.

Basi kwanza, kabla hujahama, weka nakala mbili kwenye diski mbili. Moja ikae kwako Kisii, nyingine kwa ndugu Nyamira, ili mwizi mmoja au radi moja isizichukue zote. Kagua mfumo wa diski: FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, na video ndefu ya harusi hufika hapo upesi; exFAT haina kikwazo hicho. Kwa Takeout, chagua vipande vya GB 2. Mtandao ukikatika, utarudia kipande kimoja badala ya kuchoma bando lote.

Pili, ukiwa bado ndani ya programu ya zamani, tafuta kwenye mipangilio yake amri ya kuandika majina na lebo ndani ya faili. digiKam, ambayo ni ya bure, ina mipangilio hiyo kwenye sehemu ya metadata. Kwa faili za JSON, ipo ExifTool ya Phil Harvey, nayo ya bure, inayoweza kuzirudisha tarehe ndani ya picha. Angalia saa tu: JSON hizo hufuata saa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Picha ya saa saba usiku, tarehe 26 Desemba, itasomeka saa nne usiku, tarehe 25.

Picha zilizopitia WhatsApp zinataka jicho la pekee, kwa kuwa mara nyingi hufika zikiwa zimefutwa mgongo. Kwenye Android, jina la faili, mfano IMG-20191226-WA0007, hukuachia tarehe ya kutumwa. Siku ya kupigwa utaiuliza kwa wenyewe. Na ukiskani picha za karatasi, skani na mgongo wake.

Tatu, jaribu kwanza na picha hamsini za kila aina: ya simu, ya WhatsApp, ya kuskani, video, na albamu yenye jina kama Nyang'au, maana kuna programu zinazokwama kwenye kale kakoma ka ng'. Zifungue katika programu mpya ukague tarehe na majina. Zikikubali, hamisha zote.

Na kwenye majina yenyewe, usiandike "Moraa" ukaishia hapo. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na ukoo mmoja unaweza kuwa na akina Moraa wanne. Andika "Moraa, mama wa Keroka" na "Moraa wa Nyansiongo", wajukuu wasije wakamzika shangazi kwa picha ya binamu.

Mwisho, usifute programu ya zamani mpaka miezi kadhaa ipite. Mwalimu aliokolewa na uvivu wa yule kijana, ambaye hakuwa ameiondoa. Tuliifungua, tukaiamuru iandike majina ndani ya faili, tukahamisha upya. Jumanne jioni mwalimu aliandika jina la dada yake na picha zikamiminika. Alichagua moja ya Kebirigo: dada yu katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, anacheka na mtu aliye nje ya fremu.

"Anacheka nami," mwalimu alisema. Nikamwomba aiandike hiyo pia.