Tairi la Mbio au la Mvua?

Binamu yangu ana Subaru WRX STI, na siku hizi hapati usingizi kwa sababu ya matairi. Anunue Michelin Pilot Sport 4S ama Pilot Sport Cup 2? Moyo wake uko kwa Cup 2, ati ndilo tairi la wanaume wa uwanja wa mbio.

Hebu tulitazame tairi ubavuni. Limeandikwa 245/40 ZR18. Upana wake ni milimita 245, na kimo cha ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 98 tu (shimo moja, rimu imepinda!). Rimu ni ya inchi 18. Herufi Y inasema litahimili kilomita 300 kwa saa. Za kwenda wapi jamani?

Kisha kuna nambari ya kudumu kwa mpira. 4S ina 300, Cup 2 ina 180. Mpira wa Cup 2 hung'ang'ania lami kavu kama kupe, lakini huisha upesi, tena hutaka upate joto kwanza. Mifereji yake ni michache, na mifereji ndiyo huyatoa maji chini ya tairi. Maji yakikosa njia, gari huelea, na usukani unakuwa pambo tu.

Sasa, asubuhi ni yeye hunileta shuleni. Nimemwambia wazi: akinunua Cup 2, siku za mvua nitakuja kwa miguu. Bado hajanijibu.