Tiba ya vikundi: Kutoka kujiliwaza hadi kuliwazana

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayetoa hukumu juu ya dhiki asiyoijua. Hata hivyo, ina upande wa pili ambao hatuutaji mara nyingi. Waliokilalia kitanda kimoja wanawajua kunguni wale wale, na wanapokutana hawahitaji maelezo mengi ili waelewane. Juu ya msingi huo umejengwa utaratibu wa matibabu ninaotaka tuuzungumzie leo, hasa na walimu wenzangu na wanafunzi wetu: tiba ya huzuni na mfadhaiko inayofanywa katika vikundi vidogo vya watu wanaoteswa na mambo yanayofanana.

Utaratibu huu haukuanza na maradhi ya nafsi bali na ya kifua. Mwaka wa 1905, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu akawa anawafundisha pamoja kila juma namna ya kujitunza majumbani mwao. Shabaha yake ilikuwa usafi, mapumziko na lishe bora. Baadaye alitambua kwamba wagonjwa wale walikuwa wakipata kitu kingine ambacho yeye hakuwa amekiandaa: walikuwa wakitiana moyo. Miaka mingi baadaye, mnamo 1970, Irvin Yalom, daktari wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha kitabu kilichochambua sababu za kikundi kuponya. Miongoni mwa sababu alizozitaja, mbili zinatosha hapa. Kwanza, mgonjwa hugundua kwamba hayuko peke yake katika mateso aliyodhani ni yake tu. Pili, hugundua kwamba yeye aliyejiona hafai kitu anaweza kumfaa mwenzake.

Mfano unaotuhusu kwa karibu zaidi uko kwa jirani zetu wa Uganda. Wilaya za Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, ziliathiriwa vibaya na janga la ukimwi. Walioachwa hai walibaki na makaburi, mayatima na majonzi. Dawa za kutibu huzuni iliyokithiri zilikuwa ghali mno kwao, na madaktari wa maradhi hayo walikuwa haba. Mwaka wa 2002 watafiti walioongozwa na Paul Bolton walijaribu tiba ya vikundi katika vijiji 30 vya eneo hilo, baadhi vikipewa tiba na vingine vikiachwa bila tiba ili vilinganishwe.

Kabla ya hapo, watafiti hao walikuwa wamefanya jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kulisifu. Waliwauliza wanavijiji wenyewe mateso hayo huyaita nini. Walipewa maneno mawili ya Kiganda. La kwanza ni okwekyawa, yaani kujichukia. La pili ni okwekubagiza. Katika Kiganda, kukubagiza ni kumpa mtu pole na kumliwaza, hasa aliyefiwa. Na kiambishi -e- kinachotangulia mzizi hufanya kazi ya -ji- katika Kiswahili. Hivyo basi okwekubagiza ni kujipa pole, kujiliwaza mwenyewe.

Tazama, msomaji, hekima iliyomo katika maneno hayo. Yote mawili yanamtaja mtu ambaye ndiye mtendaji na ndiye mtendwa. Ni mtu aliyebaki na nafsi yake tu, akiichukia na kuipa pole kwa zamu, kwa kuwa hakuna mwingine anayepiga hodi. Lugha zetu za Kibantu zina kiambishi kingine ambacho ni kinyume cha hali hiyo, nacho ni -ana cha kauli ya kutendana. Kusikiliza huzaa kusikilizana. Kuliwaza huzaa kuliwazana. Kwa maoni yangu, kazi nzima ya kikundi cha tiba inaweza kuelezwa kwa badiliko hilo dogo la sarufi: kumtoa mtu katika kujiliwaza na kumwingiza katika kuliwazana.

Badiliko hilo halikutokea kwa bahati. Katika vijiji vile kila kikundi kilikuwa cha wanawake watupu au wanaume watupu, nacho kilikutana mara moja kwa juma, kwa dakika 90, kwa muda wa majuma 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa jinsia moja na wanakikundi, wenye kuzungumza lugha yao, waliofunzwa kwa majuma mawili. Mazungumzo nayo hayakuachwa yatangetange. Yalielekezwa kwenye mambo matatu ambayo aghalabu huzaa huzuni: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, na mageuzi makubwa ya maisha. Mtu alieleza jinsi alivyokuwa tangu kikao kilichopita, wenzake wakamsaidia kuona kilichomsukuma kwenye hali hiyo na hatua ambayo angeweza kuichukua.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya watu katika vikundi walikuwa wametimiza vigezo vya ugonjwa wa huzuni; baada ya tiba ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vilivyolinganishwa navyo, idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Wapo basi waliopata nafuu bila kikundi, na ni haki kulisema hilo. Lakini tofauti iliyopo ni kubwa mno kupuuzwa. Miezi 6 baada ya vikao kumalizika, nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa aina hii ya tiba ya vikundi ili nchi nyingine ziutumie.

Atakayenipinga atasema kwamba Mwafrika hahitaji kufundishwa kuliwazana, kwani ana ukoo, ana majirani, ana matanga. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siibezi. Lakini na tujiulize: matanga ni ya nani? Ni ya msiba unaojulikana na kukubalika mbele ya watu. Ipo misiba isiyowekewa matanga. Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika huambiwa atapata nyingine. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani huulizwa karo ilikwenda wapi. Kijana ambaye baba yake hurudi nyumbani kila usiku akiwa mlevi hawezi kulitamka hilo mbele ya ukoo bila kuambiwa anamvua mzee nguo. Aidha, jamaa zetu mara nyingine ndio kiini cha donda lenyewe, na mtu hawezi kumpelekea siri yule aliyeizua. Kikundi cha tiba hakichukui nafasi ya ukoo. Kinahifadhi machozi ambayo ukoo hauna pa kuyaweka.

Sasa tugeukie shule zetu. Mara nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ni mmoja, wanafunzi ni mamia, naye ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Matokeo yake ni kwamba ushauri hugeuka hotuba gwarideni: msikate tamaa, someni kwa bidii, epukeni makundi mabaya. Hotuba ina faida zake, lakini mwanafunzi mwenye huzuni huisikiliza akiwa peke yake katikati ya umati, na huondoka na -ji- yake kama alivyokuja nayo.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa humu nchini. Mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu wanafunzi 413 wa shule 4 za upili za Kenya waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi. Mradi huo ulipewa jina la Kiswahili, Shamiri, na jina hilo linafaa, maana kushamiri ni kustawi. Wanafunzi walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa saa moja, kwa majuma 4, wakiongozwa na vijana waliokuwa wamemaliza shule za upili si zamani sana. Walizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika na kukua, juu ya shukrani na juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Walinganishwa na wenzao ambao nao walikaa katika vikundi kwa muda ule ule wakifundishwa mbinu za kusoma. Dalili zilipungua zaidi kwa wale wa Shamiri. Hapa pana funzo muhimu: si kila mkusanyiko ni tiba. Kinachotendwa ndani ya kikundi ndicho chenye uzito.

Kwa sababu hiyo mwalimu anayetaka kuanzisha kikundi asifanye papara. Watu wanane hivi wanatosha. Wakizidi sana, wanyamavu humezwa na wasemaji. Siri ya kikundi ibaki ndani ya kikundi, na kila mmoja aafiki hivyo kabla neno la kwanza halijasemwa. Asiyetaka kusema asilazimishwe, kwani kusikiliza nako ni kushiriki. Kiongozi asiwe yule yule anayeshika kiboko au kuandika ripoti ya nidhamu. Lugha iwe ile ambayo mwanafunzi huitumia anapolia. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kazi hii. Tuna huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, kusononeka na kunyong'onyea, na kila moja lina kivuli chake. Mwanafunzi anayejua kusema amesononeka amekwisha kupiga hatua moja mbele ya yule anayesema tu kwamba ana stresi.

La mwisho, nalo ni zito kuliko yote: yuko mgonjwa ambaye kikundi hakimtoshi. Anayesema anataka kujiua asingojee kikao cha juma lijalo. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani. Kwa miaka mingi sheria yetu ilizidisha ukimya juu ya jambo hili, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imefanya sehemu yake. Ukimya wa madarasani na wa vyumba vya walimu utavunjwa na sisi wenyewe.

Nawasihi basi wakuu wa shule watenge saa moja kwa juma kwa vikundi hivi, na Wizara ya Elimu iwape walimu wa ushauri nasaha mafunzo ya kuviongoza pamoja na kuwapunguzia vipindi. Gharama yake si kubwa: chumba chenye mlango unaofungika, viti vichache vilivyopangwa duara, na kiongozi aliyefunzwa ambaye anajua kuuliza, "Juma hili lilikuwaje kwako?", kisha akanyamaza ili ajibiwe.